Jani Mbele ya Kamati

1.

Sitaki bangi ihalalishwe.

Mwaka jana nilitaka. Mwaka juzi nilitaka zaidi, nilikuwa tayari kwenda Dodoma kwa miguu yangu hii inayovimba nikaseme iachiwe, watu walime, wanaovuta wavute, waliofungwa watolewe. Sasa sitaki. Nilihama upande asubuhi moja tu, nikiwa nimesimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na debe la maziwa mkononi. Sababu yangu si afya, si dini, wala si uchumi wa taifa.

Sababu yangu ina jina. Lipo kwenye tangazo, soma mwenyewe.

2.

TANGAZO KWA UMMA

Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji cha Ngirasi, Machame, inawatangazia wananchi wote kuwa Kamati ya Kukusanya Maoni kuhusu Kilimo na Matumizi ya Bangi itafika kijijini siku ya Alhamisi, katika ukumbi wa zamani wa kahawa. Maoni yatolewe kwa ufupi, kwa lugha ya staha, bila kutaja majina ya watu.

Aidha, Kamati itapokea maelezo ya Kampuni ya Neema ya Mlimani, inayokusudia kulima bangi ya dawa katika shamba lililoachwa la kahawa endapo sheria itaruhusu. Maelezo yatatolewa na Mwenyekiti wa Kampuni, Bw. Patrisi Silayo, afande mstaafu.

Kampuni itatakiwa kuonyesha kuwa haina mgogoro na jamii inayozunguka shamba.

Watoto wasiletwe. Simu zizimwe. Wote mnakaribishwa.

3.

Bila kutaja majina ya watu.

Nitataja.

4.

Mimi ni Nsia. Eliufoo ni kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa fundi wa kuezeka, mrefu, mchoyo wa maneno, mkarimu wa chakula. Nyuma ya banda la ng'ombe alikuwa na mashina matatu ya bangi, kama baba alivyokuwa nayo, kwa ajili ya ng'ombe aliyevimbiwa au anayekohoa. Unachemsha, unapooza, unamnywesha kwa chupa.

Na alikuwa anavuta. Jumapili baada ya ibada, kwenye kigoda chake, akitazama migomba. Nalisema mwenyewe kabla mtu mwingine hajaliinua akidhani atanipiga nalo. Sikuja hapa kumpaka marehemu mafuta. Alivuta, akacheka peke yake, akalala. Jumatatu alipanda juu ya paa la mtu akagonga misumari, na hakuanguka hata siku moja.

Mashina matatu, nimekuambia.

Mahakamani likaja gunia.

5.

*Kutoka katika mwenendo wa kesi:*

Shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, aliyeongoza msako, aliieleza mahakama kuwa alikuta gunia la majani makavu yadhaniwayo kuwa bangi chini ya kitanda cha mshtakiwa. Shahidi alilitambua gunia hilo mahakamani.

Shahidi wa utetezi, dada wa mshtakiwa, alidai kuwa kitanda cha mshtakiwa ni cha mbao zilizopigiliwa juu ya visiki vifupi, na kwamba chini yake hata paka hapiti.

(Kicheko.)

Mahakama iliamuru utulivu. Ushahidi wa dada haukupewa uzito kwa kuwa ana masilahi na mshtakiwa.

6.

Kicheko.

Wameandika hivyo kabisa, ndani ya mabano. Waliona inafaa kutunza kumbukumbu ya watu walivyocheka. Hakuna aliyeona inafaa kupanda mlima kwenda kukitazama kitanda.

Aliyeongoza msako alikuwa Silayo. Mwezi uleule wa hukumu alipandishwa cheo. Nilimwona akitoka mahakamani akijifuta jasho la shingo kwa kitambaa cheupe, akanipita, akasema, "Pole, mama." Nimekaa na ile pole miaka yote hii. Haijapoa. Ningependa nimrudishie kooni.

7.

Huku ndani, Nsia, harufu ya ile kitu siikumbuki kabisa. Nakumbuka mabati mapya yakipigwa na jua. Nakumbuka yakilia mchana, ti, ti, yanavyojinyoosha, nami nimeketi juu kabisa, naona kanisa, naona moshi wa jikoni kwako.

Aisia wangu anasoma? Mwambie asome.

Kifua hiki wanasema ni vumbi. Nimeishi juu ya mapaa ya watu, vumbi nalijua. Hili ni

*(Si barua. Ni maneno aliyonipa upande wa pili wa wavu, siku ya mwisho niliyomwona. Hapo askari alisema muda umekwisha. Sijui alitaka kusema hili ni nini. Walinipa mwili kabla ya masika, hata nusu ya kifungo hakuimaliza.)*

8.

*Waliosikika kilabuni kwa mbege:*

— Ikiruhusiwa, vijana watapata kazi. Wamekaa tu pale njia panda wanang'arisha pikipiki zisizo na abiria.

— Kazi ya kulima kile watu walichofungwa kwa kukilima.

— Hii ya kampuni ni ya dawa.

— Na ya Eliufoo ilikuwa ya nini? Ya kachumbari?

— Punguza sauti. Dada yake yule pale, anapimiwa ulezi.

— Mwache asikie. Kamati inataka kijiji kisicho na mgogoro, na mgogoro wenyewe wa kijiji kizima ni huyo mama mmoja.

9.

Nilisikia. Nikalipia ulezi wangu, nikatoka taratibu ili wanione vizuri.

10.

Kama si mtu wa mlimani, nikueleze sale.

Ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mipakani mwa vihamba vyetu, mashamba ya ukoo. Mtu akikukosea kosa ambalo "samahani" haitoshi, anachuma jani la sale, analifunga fundo, analeta mwenyewe au analituma kwa mkono wa mzee. Ukiletewa unapokea, ukipokea umesamehe, na jambo limekwisha. Hata kwa utani hulirudii. Anayekataa sale watu hawakai naye benchi moja. Na kila msiba utakaoingia kwake, watasema wanajua umetoka wapi.

Hata kama aliyeleta alichoma nyumba. Hata kama aliua. Hata kama

ndiyo

hata huyo.

11.

Jumanne alikuja Mzee Ndelilio, mzee wa kanisa letu, aliyesimamia mazishi ya Eliufoo. Nikampa shikamoo, nikamkalisha, nikamwekea chai. Nilikuwa nachambua maharage kwenye beseni la maji, nikaendelea.

Chai hakuigusa. Alifungua koti akatoa jani, bichi, limefungwa fundo. Akasema limetoka kwa Silayo.

Nikamuuliza linaombea kosa gani.

Mzee alitazama chai yake. Akasema mtumaji hakutuma maneno, ametuma jani tu, na mimi ni mtu mzima, nitaelewa. Nikamwambia sielewi. Akanyoosha mkono wenye jani. Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni na ikabaki huko. Mkono wa mzee ulikaa hewani mpaka ukaanza kutetemeka, nikamwonea huruma yeye, si aliyemtuma, lakini mikono yangu sikuitoa kwenye maji.

Mwisho aliliweka jani kwenye benchi.

"Nsia, mwanangu," alisema, "mimi nimezika watu wa nyumba hii wa kutosha."

Akashika fimbo yake akaenda. Jani nikalifunika kwa kanga, taratibu, kitambaa kikiwa kati yangu na lenyewe. Ukiligusa kwa mkono mtupu umelipokea. Mimi sikulipokea, nililifunika tu, na hilo nataka lieleweke.

12.

*(Sasa anaongea Silayo. Nimempa nafasi nisije nikaambiwa nimemnyima. Habari za nyumbani kwake nimezipata Rombo, kwa wanawake wanaomuuguza mama yake. Maneno nimemtungia mimi, kwa kuwa yeye ya kwake ameyabana.)*

Mama hali kutoka mkononi mwangu. Nikishika kijiko anageukia ukutani. Dada zangu wakimlisha anakula. Aliniuliza mara moja tu: yule fundi wa Machame, uliwapelekea watu wake sale? Nikamwambia mama, yale yalikuwa mambo ya kazi. Akageukia ukutani.

Wakili wangu anasema: usikiri neno. Neno linaandikwa, neno linasomwa mbele ya hakimu, na mtu aliyeapa uongo mahakamani hapewi kibali cha kulima hata vitunguu.

Lakini jani halina sauti. Jani halinukuliwi. Serikali haisomi majani. Nikituma jani bila neno, mama atakula, yule mwanamke atafungwa na mila yake, kamati itaona kijiji kimetulia, na mimi sitakuwa nimesema

chochote.

13.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa huku huku. Mgeni asingelituma kabisa.

14.

*Orodha ya waliokuja kunishauri nipokee:*

Mtendaji wa kijiji, kwa masilahi mapana.

Mchungaji, kwa upendo wa Kristo.

Kiongozi wa kwaya, ambaye mwanawe ameahidiwa ulinzi getini.

Jirani yangu wa juu, kwa kupitia tu, alikuwa anatafuta kuku.

Aisia.

15.

Wengine niliwajibu. Aisia ni binti wa Eliufoo, nimemlea mimi. Alisoma kama baba yake alivyoagiza, ana cheti cha kilimo, na tangu amalize anauza vocha dirishani kwangu. Alikuja akakaa jikoni, akanisaidia kumenya ndizi, tukamenya mpaka sufuria likajaa. Kisha akaniambia kampuni imempa nafasi ya usimamizi wa shamba, ikiwa kibali kitatoka.

Nikamuuliza kama anajua shamba ni la nani.

"Najua, shangazi. Baba harudi," alisema. "Mimi nipo."

Nikawa mkali. Nilimwambia akatafute kazi kwa watu wasiokula nyama ya baba yake. Alinawa mikono, akachukua kisu akakirudisha mahali pake, akatoka. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi, maana kwa mara ya kwanza haikuwa inamtazama Silayo peke yake.

Lakini jani sikuligusa.

16.

MUHTASARI WA KIKAO CHA MAONI, UKUMBI WA KAHAWA, NGIRASI

*Mchangiaji (kijana, mwendesha bodaboda):* Iruhusiwe. Inavutwa tayari, inauzwa tayari, anayefungwa ni mnyonge na anayeuza kwa magari anapigiwa saluti. Ikiruhusiwa tutalipa kodi kama watu wengine.

*Mchangiaji (mchungaji):* Haungi mkono uvutaji. Kwa dawa, wataalamu waachiwe.

*Mchangiaji (mkulima):* Aliuliza kama mkulima mdogo naye ataruhusiwa kupanda, au ni kampuni tu. Kamati ilisema swali ni zuri.

*Mchangiaji (mama wa familia):* Anapinga. Maelezo yake ni marefu, yameambatishwa.

17.

*Maelezo ya Mama Foya, kama alivyoyasema:*

Ninyi mnaosema ni majani tu, njooni kwangu Jumamosi mnisaidie kumwogesha mwanangu Kundaeli. Ana ndevu, ana nguvu kunishinda, na anaongea na ukuta. Ukuta unamjibu, mimi hanijibu. Alikuwa wa kwanza darasani. Msiniambie habari za kodi.

Alianzia nyuma ya banda la Eliufoo. Dada yake amekaa pale, haya anayajua. Mnataka iachiwe? Mimi sitaki, na hata nikifa iandikwe kuwa sikutaka.

Ila ngojeni, nimalize. Eliufoo alipoona mtoto ameharibika alikuja kwangu na sale. Hakutuma mtu. Alisimama mlangoni, majirani wapo, akasema: mama Foya, mimi ndiye niliyempa mwanao, mkononi mwangu, mara ya kwanza. Alilitaja kosa lake kwa jina. Ndiyo nikapokea. Sikupokea kwa kupenda, mkono ulikuwa kama si wangu, lakini alikuwa amesema, ningefanyaje? Siku wanamchukua kwa lile gunia nililia. Aliyekuwa na haki ya kumshtaki Eliufoo ni mimi, na mimi nilishamaliza naye.

Sale huja na maneno. Bila maneno ni chakula cha mbuzi.

18.

Sikuwahi kumpenda Mama Foya. Alhamisi hiyo ningeweza kumbeba mgongoni mpaka kwake.

19.

*Maelezo ya Kampuni:*

Bw. Silayo alieleza kuwa zao hili likisimamiwa vizuri litaleta ajira, barabara na zahanati. Alisema zama za kukimbizana na wananchi zimepita na kwamba sheria iliyopo imeumiza wengi wasio na hatia.

Alipoulizwa na Mwenyekiti wa Kamati kuhusu mahusiano na jamii, alijibu kuwa Kampuni haina mgogoro na mtu yeyote, na kuwa yeye binafsi, katika utumishi wake wote, hakumwonea mtu.

20.

Hakumwonea

mtu.

Alisema hivyo akiwa amevaa suti ya rangi ya majivu na tai ya kijani. Imeumiza wengi wasio na hatia, alisema, kana kwamba sheria ilipanda mlima yenyewe, na gunia begani.

21.

Nilisimama bila kuitwa. Mtendaji alinionyesha ishara nikae. Nilipita mbele yake na kanga yangu imekunjwa kifuani kama mtu aliyebeba kitoto, nikafika kwenye meza ya kamati, nikaikunjua juu ya makaratasi yao, jani likateleza likalala chini ya kipaza sauti. Lilikuwa limeanza kunyauka kwenye ncha.

Mwenyekiti wa kamati ni mama wa kutoka mbali, mpole, mwenye miwani ya kamba. Aliuliza kama ninawasilisha kielelezo.

Nikamwambia ndiyo, mheshimiwa, ni kielelezo.

Yeye hakuelewa bado. Ukumbi ulishaelewa. Nilisikia viti vikilia nyuma yangu, na mtu wa kwaya akimtaja Mungu kwa Kichaga. Mzee Ndelilio alikuwa ameketi mstari wa mbele, fimbo kati ya magoti, na hakuinamisha uso. Namshukuru kwa hilo.

22.

"Hili niliweke wazi," nikasema. "Jani hili lililetwa kwangu Jumanne, limetoka kwa Patrisi Silayo, huyu aliyetoka kusema hapa kwamba hakumwonea mtu. Kwetu, mheshimiwa, mtu haleti sale kwa jambo ambalo hakulitenda. Sijalipokea. Nimelibeba tu. Naomba aje alichukue hapo mezani, anipe kwa mkono wake, na aseme kwenye hicho kipaza sauti linaombea kosa gani. Akilitaja, nitanyoosha mkono mbele yenu wote. Na kibali chenu hicho mtajua wenyewe."

Katibu aliacha kuandika. Mwenyekiti akamwambia aandike.

23.

*(Katibu wa Kamati, pembeni mwa karatasi:)*

Mchangiaji ametaja jina. Taratibu haziruhusu. Nifute?

Nisifute.

24.

Nataka uelewe nilivyofurahi. Nilisikia utamu mwili mzima. Nilirudi kitini nikakaa, nikamtazama mtu yule akitafuta mlango kwa macho. Akisema jani si lake, ameikana sale mbele ya watu wa mlima na Mzee Ndelilio shahidi, na mama yake huko Rombo hatakula tena kutoka mkononi mwake mpaka afe. Akisema ni lake na akalitaja kosa, wakili wake ameisha, kibali kimeisha, na ipo mahakama itakayotaka kumwuliza habari za kiapo. Njia zote mbili nilikuwa nimezikalia mimi, Nsia, niliyechekwa ndani ya mabano.

Nilijua atachagua kukana. Nilikuwa nimeshaandaa na uso wa kumtazama nao. Nilitaka akane, waone, wasikie, watoke waende kusimulia mpaka Rombo. Na bangi ibaki haramu miaka mia, kampuni ife, shamba liote magugu.

Nyuma yangu, upande wa kushoto, alikuwa Aisia. Sikugeuka.

25.

Wakili alimvuta mkono wa koti.

Silayo alisimama hata hivyo. Alitembea mpaka mezani, na mara ile nikaona amezeeka, kiatu kimoja kinaburuza. Alilitazama jani muda mrefu kama mtu anayesoma. Akalichukua kwa mikono miwili. Wakili alisema jambo kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, na mwenyekiti akamwambia aketi.

26.

Kipaza sauti kilikoroma kidogo.

"Lile gunia," alisema Silayo.

Akakisogelea kipaza sauti.

"Lile gunia nililileta mimi. Kwenye gari. Kitanda chake hakikuwa na

27.

Msomaji, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiki.

28.

Amesimama mbele yangu. Sijui amefikaje hapa. Analia bila kujifuta, na jani amelinyoosha kwangu kama alivyolinyoosha Mzee Ndelilio. Wakili ametoka nje na simu. Mama Foya ananitazama. Hanisaidii, ananitazama tu. Mwenyekiti anauliza kwa upole kama nina la kuongeza, au katibu afunge kikao.

Niliahidi. Mnajua niliahidi, mmesikia.

"Shangazi," anasema Aisia nyuma yangu, na hasemi zaidi. Najua naye sasa anajua kuwa kazi ile imekufa, na baba yake amesafishwa, vyote kwa sentensi moja. Sijui ananiomba nini.

Kaka yangu alikaa miaka yake ya mwisho akitaka mtu mmoja tu aseme maneno haya. Yamesemwa, na mimi bado namchukia huyu mtu. Hayakuniondolea chochote. Kama kuna aliyekuambia yataondoa, alikudanganya.

Mkono wangu wa kushoto umeshika kanga.

Wa kulia nimeukalia, na ni mzito.